Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: Waogiek walishinda kesi, hati iko wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Nakuru, nikiwa mmoja wa hao wanaoitwa "watu wa mashirika". Kazi yangu si ya kuandikwa magazetini. Natembea na wazee wa Kiogiek, jamii ya wawindaji na warina asali, ndani ya msitu wa Mau, simu yenye GPS mkononi, nao wananionyesha mipaka ya kila ukoo: kijito hiki, mwamba ule, mtarakwa aliotundika mizinga babu wa fulani. Mwezi uliopita mzee mmoja alisimama katikati ya misaiprasi iliyopandwa kwa mistari kama mahindi. Mzinga wa baba yake, akasema, ulikuwa hapa. Nikatazama juu, sikuona hata ua moja. "Nyuki wale nini hapa?" akaniuliza. Nikahifadhi alama, tukaendelea.

Kesi yenyewe unaijua. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafukuza Mau. Serikali ilijitetea kwamba inalinda msitu. Majaji wakaikataa hoja hiyo: msitu uliharibiwa na wavamizi wengine, na serikali yenyewe ilipomega ardhi na kutoa vibali vya kukata miti. Tarehe 23 Juni 2022 ikaja hukumu ya pili: fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhila waliyopata, tena ardhi ipimwe na Waogiek wapewe hati ya pamoja ndani ya miaka 2.

Hesabu ni nyepesi, hiyo miaka 2 iliisha 2024. Kabla haijaisha, Novemba 2023, nyumba za mamia ya Waogiek zilibomolewa Sasimwani, Narok. Mimi ndiye niliyekuwa nimewasomea watu hukumu kwa Kiswahili, aya kwa aya, tumekaa nyasini. Baada ya ubomoaji mama mmoja akanijia, sufuria kichwani, mtoto mgongoni. "Si ulisema tulishinda?"

Sikuwa na jibu, Mheshimiwa. Ndiyo maana nimeona nikuulize wewe.

Najua tunavyosemwa: tunachochea watu, tunakula pesa za wafadhili. Mashirika ya mfukoni yapo, siwezi kukataa. Na mshahara nalipwa, tena ukichelewa mwenye nyumba hanionei huruma. Lakini si mfadhili aliyeandika Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010, kinachohesabu ardhi ya asili ya jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Tuliiandika wenyewe Wakenya Katiba hiyo, tukaipigia kura.

Nimeenda na ramani zetu kwenye ofisi moja ya umma, nikaambiwa jambo hili ni la Nairobi. Nairobi nikaambiwa lianzie kaunti. Karani mmoja, mtu mpole kwa kweli, alinishauri niache nakala "kwenye faili". Nilipomuuliza faili namba ngapi, akacheka, nami nikacheka. Nauli ilikuwa imeshaliwa.

Ninaloomba ni dogo kuliko kelele zake. Utangaze tarehe ya wapimaji kuingia Mau, na jina la ofisa atakayejibu simu yetu. Hadi hati itoke, mtu asibomolewe nyumba kwa jina la mazingira. Fidia nayo ilipwe kama ilivyoamriwa. Wapo wazee wanaoisubiri ambao hawawezi tena kupanda mlima.

Ramani ziko tayari. Wazee wanaojua alama bado wapo, ila si wote tulioanza nao. Wapimaji wakija, tafadhali wafike saa kumi na mbili asubuhi. Mchana ukungu hushuka, na kutoka mwamba ule huwezi kuuona mtarakwa.

Wako,
Mtu wa mashirika, Nakuru