Meno ya kahawia si uchafu

Mhariri,

Nasoma gazeti lako tangu nihamie Dodoma na sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile makala yenu ya maswali na majibu kuhusu meno, yenye picha ya mtu mwenye meno ya kahawia na maelezo kwamba hayo ndiyo matokeo ya kutopiga mswaki, imenifikia mpaka ndani ya nyumba yangu.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Mwalimu wao aliisoma makala hiyo darasani, kisha akapita dawati kwa dawati akikagua meno. Alipofika kwa binti yangu akasema, "Ile picha ya gazetini ni huyu hapa." Darasa zima likaangua kicheko. Jioni nilimkuta uani amechuchumaa mbele ya karai, anasugua meno kwa mkaa uliochanganywa na mchanga. Fizi zinavuja damu, mate mekundu yametapakaa kwenye karai, na bado anasugua! Mtoto huyu anapiga mswaki asubuhi na usiku tangu akiwa mdogo, na mimi ndiye niliyemfundisha. Alilelewa na bibi yake Singida mpaka akatimiza miaka tisa, wakinywa maji ya kisima kirefu yenye floridi nyingi. Madini hayo hutoka kwenye miamba, na mtoto huyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi. Yakija kuchomoza, yanatoka yameshadhurika, kisha yanaingia rangi ya kahawia. Mdogo wake amezaliwa na kukulia hapahapa mjini, wanatumia dawa ya meno ileile, na meno yake ni meupe pee. Mkaa na mchanga haviondoi rangi hiyo, vinakwangua jino tu. Kuchemsha maji nako hakusaidii, kwani maji yanapungua sufuriani, floridi inabaki. Haya ndiyo tunayoulizana kina mama wa huku kila siku, nanyi hamkujibu hata moja.

Halafu mnatuhimiza twende kliniki jino likianza tu kutoboka. Mwaka jana nilikwenda na jino lenye tundu dogo kama kichwa cha kiberiti. Nimekaa kwenye benchi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, naambiwa vifaa vya kuziba vimekwisha, kilichopo ni ganzi na koleo. Likang'olewa jino zima.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Basi kila kisima, pale palipoandikwa bei ya ndoo, paandikwe pia kipimo cha floridi cha kisima hicho na tarehe kilipopimwa, kwa rangi nyekundu, tarakimu ukubwa wa kiganja, ili mama ajue yapi ni maji ya kufulia na yapi ya kumpa mtoto. Nanyi rudisheni picha ileile, ukurasa uleule, ikiwa na maelezo sahihi. Nitaikata na kumpelekea mwalimu yule kwa mkono wangu.

Mama wa watoto wawili,
Nkuhungu, Dodoma