Mama Kulwa, kuna kitu sijawahi kukwambia

Mama Kulwa, mwakeye!

Najua nimekaa kimya tangu mwezi wa tatu, usininunie mama, simu ilidumbukia majini pale Kibirizi nikiwa nashuka kwenye boti, namba zote zikaenda nayo, yako nimeipata juzi kwa wifi yako sokoni. Watoto wazima, baba yao mzima, samaki wa mgebuka wamepanda bei hatugusi. Kidumu cha asali kilifika salama na treni, asante sana, mama mkwe kashakifikisha nusu.

Sasa nisizunguke. Jumapili ya wiki ijayo nimepangwa kutoa ushuhuda kwa akina mama na wanautaka ule wa 2011, wa mkutano pale uwanjani, mimi na wewe tulivyoenda mbele tumeshikana mikono tunalia. Maana wewe umeshamsimulia kila mtu kwamba tulilia mpaka kanga zikalowa. Mama Kulwa, mimi sikulia. Wewe ulikuwa unatetemeka mpaka mkono wangu unatikisika, ukanigeukia, nikaona aibu, nikalamba kidole nikapaka chini ya macho. Nilichokuwa nasikia ni jenereta linanguruma na vumbi puani basi. Sala niliirudia neno kwa neno, jina nikaandikisha, nikarudi nyumbani vile vile nilivyotoka.

Nimekaa na hili jambo miaka yote hiyo, hata baba yao hajui. Ningeendelea kukaa nalo ila mwezi uliopita kwenye ibada ya nyumbani mzee mmoja akasema mtu ambaye hakusikia kitu siku ya kuokoka, huyo bado, aanze upya. Usiku ule sikulala, nimesikiliza maboti ya dagaa yanarudi mpaka la mwisho.

Asubuhi nikafungua Matendo 16, ile sura ya mlinzi wa gereza, nikijua pale kuna tetemeko na kilio. Kweli lipo, jamaa anaitisha taa, anarukia ndani anatetemeka, anauliza afanye nini apate kuokoka. Lakini ukirudi juu kidogo, sura ile ile, mji ule ule wa Filipi, kuna mama anaitwa Lidia, mfanyabiashara kama mimi na wewe, yeye anauza rangi ya zambarau. Amekaa kando ya mto anamsikiliza Paulo, Bwana akaufungua moyo wake. Basi! Hakuna tetemeko, hakuna chozi lililoandikwa, akabatizwa na watu wa nyumbani kwake akawakaribisha wageni kwake walale. Nimeisoma sura ile mara ngapi, huyu mama nilikuwa nampita tu. Na Yakobo anasema mashetani nao wanaamini, na wanatetemeka. Sisemi kutetemeka kwako kulikuwa bure, usinielewe vibaya, mimi nilikuwa nimekushika mkono na najua ulivyobadilika. Nasema kutetemeka peke yake siyo kipimo.

Halafu nikamkumbuka bibi wa Ujiji. Si unakumbuka tulivyokuwa tunampa hela za mtaji atutunzie, maana zikikaa kwangu zinaisha? Wiki za kwanza nilikuwa naenda kila jioni, bibi ipo? Anafungua kisanduku, anafungua fundo la kitambaa, ananionyesha, anafunga. Wala hakuwahi kukasirika. Sasa siku niliyoacha kuuliza siikumbuki kabisa, nilijikuta tu napita pale mlangoni, shikamoo bibi, marahaba, naenda zangu sokoni na moyo umetulia. Imani na amana ukiyasikiliza ni kama mtu na dada yake. Na Paulo anamwandikia Timotheo kwamba anamjua yeye aliyemwamini, kwamba aweza kukilinda kile alichokiweka amana kwake. Hajasema najua nilivyojisikia siku ile, kasema namjua yeye.

Na kisado je. Kile changu cha zamani cha kupimia dagaa unakijua, kitako kilichogongwa kikaingia ndani. Hakuna mtu aliyeniambia niache. Ulikuwa umeshahamia Tabora, kuna mama kaja kutoka Kasulu kuchukua dagaa, namimina, mkono ukawa mzito nikamwongezea viganja viwili, kesho yake mwingine nikamwongezea, mwisho nikaenda kununua kisado kipya. Mimi siokolewi na kisado, Waefeso 2 iko wazi, ni kwa neema kwa njia ya imani wala si kwa matendo, na yule mhalifu msalabani hakupata hata muda wa kurekebisha vipimo vyake akaambiwa leo utakuwa pamoja nami. Ila najiuliza, mkono wangu ulikuwa unazuiwa na nani kama ndani hamna kitu? Mtu mkavu kabisa angehangaika na viganja viwili vya dagaa?

Ndiyo maana siwezi tena kusimama mbele ya akina mama nikasema nililia. Nataka niwaambie ukweli, na mate yale, kwa sababu nawaona kina dada kule nyuma wamekaa kimya kila wenzao wanapolia, na mimi najua wanawaza nini.

Lakini ushuhuda ule ni wetu wote wawili, siwezi kuuvunja bila wewe. Utanisamehe kwa kukuacha uusimulie vile miaka yote? Utaona nimekuaibisha? Wewe siku ile ulisikia nini hasa, sijawahi kukuuliza, na bado unakisikia au siku hizi na wewe unaenda tu kwa kumjua? Kuna siku nimewahi kukuonyesha dalili ukanishtukia? Nijibu kabla ya Ijumaa mama, hata kwa voisi, usiku ndiyo simu inakaa na chaji.

Mwenzio,
Mama Upendo