Godoro nalitaka, faili silitaki

Shangani, Mtwara
Septemba 2025

Shoga yangu Somoe,

Salaam nyingi sana. Sisi huku hatujambo, mama mzima, goti tu na kelele zake, watoto wa dada wamejaa nyumba nzima. Hofu ni juu yenu. Najua utashangaa kuletewa karatasi badala ya sauti ya WhatsApp. Ni makusudi. Wewe sauti zangu unazisikiliza jikoni, spika juu, na hili sitaki shemeji alisikie kabla hujapata namna ya kumwambia. Anayekuletea ni Bi Mwajuma. Korosho ni zako, ming'oko ni ya mama mkwe wako, ichemsheni leo leo isilale.

Habari ya mtihani unayo, maana Salama ameshaitangaza mpaka Chikongola. Security+, ule mtihani wa usalama wa kompyuta wa shirika la CompTIA, imenibwaga. Wanataka 750 kwenye kipimo kinachoanzia 100 mpaka 900, mimi nikaishia 721. Narudia. Kwa utaratibu wao ningeweza kurudia hata kesho yake, kati ya mara ya kwanza na ya pili hawakuwekei muda, ukiingia ya tatu ndipo wanakusubirisha siku 14. Kilichonikalisha ni vocha, ile ya kulipia mtihani. Hiyo unalipa upya yote, aliyeanguka hana punguzo. Sasa ninayo, na nataka niumalize kabla minada ya korosho haijaanza. Ikishaanza, ofisini kwetu hata kuumwa unaombea ruhusa. Siku hizi mnada unapita kwenye mfumo wa TMX, lile soko la bidhaa la mtandaoni, kwa hiyo mtandao ukiyumba kidogo tu simu zote zinakuja kwangu, hata za watu wenye kifurushi kilichoisha. Halafu toleo hili la mtihani lilitoka Novemba 2023, na matoleo yao huwa yanakaa kama miaka mitatu hivi. Nikizubaa nitakuta silabasi mpya.

Sasa jambo lenyewe. Shemeji alinitumia picha za kurasa kadhaa na faili moja la Word. "Haya ndiyo maswali yenyewe, wewe kariri tu, jamaa yangu kapita nayo." Najua kafanya kwa mapenzi, na najua nauli ya safari ile nusu katoa yeye, sijasahau. Ndiyo maana natafuta maneno.

Lile faili nililifungua kwenye kompyuta ya majaribio, isiyounganishwa na kitu chochote. Ukurasa mweupe, juu pameandikwa ruhusu makro ili maswali yaonekane. Somoe! Karatasi ya maswali makro ya nini? Makro ni programu. Ukiiruhusu inafanya inachotaka ndani ya mashine yako, wewe umekaa unasubiri maswali. Nilicheka peke yangu mpaka mama akaja kuchungulia. Sasa muulize shemeji taratibu, kama unaulizia kitu kingine, aliruhusu kwenye laptop yake au hakuruhusu? Kama aliruhusu, kwanza aitoe kwenye intaneti. Asianze kufuta wala kupiga Windows upya. Nywila za barua pepe na benki abadilishe kwa kutumia kifaa kingine, kisha ndipo ampelekee fundi. Mpangilio huo ndio mtihani wanaoupenda: tenga kwanza, ng'oa baadaye, kurudisha kazi mwisho. Majibu manne yote yanafanana na kweli, wao wanataka lile linalotangulia.

Zile picha nazo, hata tuweke kando kwamba CompTIA wakikugundua umetumia maswali ya wizi wanakufutia cheti na kukufungia usirudi, majibu yenyewe ni mabovu. Kuna swali la namna ya kuhifadhi nywila za wateja. Wao wamejibu zifungwe kwa AES, njia ya kuficha maandishi kwa ufunguo. Sasa kitu kilichofungwa kwa ufunguo, mwenye ufunguo si anafungua? Nywila inatiwa chumvi, yaani herufi za kubahatisha, kisha inapigwa heshi, yaani inasagwa kuwa alama nyingine, isirudi ilikotoka. Jamaa yake shemeji kama alipita kwa majibu haya, basi kapita kwa dua za mama yake.

Ila naandika hivi halafu najiuliza, mimi nani wa kumkatalia mtu zawadi halafu nikalale nyumbani kwake?

Maana ombi lenyewe ndilo hilo. Nataka godoro kwako. Ningeweza kufanya mtihani nyumbani kwa kamera, wanaruhusu, lakini unatakiwa uwe peke yako chumbani, meza tupu, asiingie mtu, usisome kwa sauti. Nyumba hii? Twaha akifungua mlango kuulizia chaja tu, mtihani umekwisha. Na umeme ukienda nitamlilia nani. Bora nipande basi, nishuke Rangi Tatu hapo Dar jioni, nilale, keshoye niende mjini kwenye kituo nikiwa na akili zangu.

Matayarisho si mabaya. Karatasi ya matokeo haikwambii swali gani umekosa, inakutajia mada tu, na yangu imejaa mambo ya kukadiria hasara na usimamizi. Fungu hilo lina asilimia 20 ya mtihani mzima. Kubwa kuliko yote ni uendeshaji wa usalama wa kila siku, asilimia 28, huko sikufanya vibaya. Hesabu za hasara nimezigeuza za kwetu ndiyo zikaingia. Sema kompyuta ya ghalani ina thamani ya shilingi milioni 2. Radi ikipiga inaharibu nusu yake, hasara ya tukio moja ni milioni 1. Radi yenyewe inapiga mara moja katika miaka 4, yaani 0.25 kwa mwaka. Zidisha: hasara ya mwaka ni 250,000. Akija mtu kukuuzia kinga ya laki tano kila mwaka, mwambie aende zake. Nilimweleza mhasibu wetu hivyo, akaniomba nisimwambie bosi, maana ameshasaini. Basi.

Porti, zile namba za milango ambayo huduma za mtandao zinapitia, nafundishwa na watoto. Nimebandika karatasi ukutani jikoni, Twaha ndiye mwalimu, ana fimbo kabisa. "Hamsini na tatu?" DNS. "Mia nne arobaini na tatu?" HTTPS. "Elfu tatu mia tatu themanini na tisa?" Nikichelewa kusema RDP napigwa kidole. Mama aliuliza hao ni kikoba gani, mbona kila siku wanatajiwa hesabu na hatuoni wakija kulipa.

Yale maswali ya vitendo yanayokuja mwanzoni, ya kupanga kanuni za fayawoli, ule ukuta unaochuja kinachoingia na kutoka mtandaoni, safari hii nayaruka, nayawekea alama, nayarudia mwishoni. Dakika ni 90 na maswali yanaweza kufika 90, huwezi kukaa na fayawoli moja kama unasuka ukili. Kanuni zinasomwa kutoka juu kwenda chini, ya kwanza inayolingana ndiyo inayoshika, ya mwisho inakataa kila kilichobaki. Nimechora mpaka nimechoka.

Nirudi kwa shemeji. Nimefikiria umwambie kwamba picha nimezisoma, nikagundua makosa, na kwamba namshukuru kwa sababu makosa yale yamenisaidia. Si uongo. Ila la makro mwambie wazi, hapo hakuna cha aibu, kama jamaa yake kawagawia wengi ni bora ajue. Au unaona nimwambie mwenyewe nikifika, baada ya kula? Yeye akishashiba huwa msikivu. Wewe ndiye unayemjua.

Sasa nijibu haya, na usinijibu kwa sauti. Nafasi ipo, au wale wageni wa Masasi bado hawajaondoka? Kutoka kwako mpaka Posta asubuhi nitoke saa ngapi nisichelewe, maana mtihani ni saa nne? Utakubali kuniuliza maswali usiku, hata kama huyaelewi? Kazi yako ni kusoma tu kwenye karatasi na kunikazia macho. Laptop ya shemeji imekuwa nzito siku hizi, au inafungua vitu vyenyewe? Na Salama, ni kweli amekwambia nimeacha kazi? Deni la vitenge namletea mama Salumu, asinipigie tena simu ofisini.

Bi Mwajuma anarudi Jumapili, mpe majibu yeye. Na ndoo yangu ya mfuniko mwekundu, usimwachie arudi mikono mitupu.

Ni mimi shoga yako,
Hadija