Mfumo ulisema nina ziada ya mafuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo kuhusu mifumo ya kompyuta inayounganisha idara za kampuni, ile ambayo wauzaji wake huiita ERP. Siku hizi kila anayeshika maikrofoni anasema "mifumo isomane". Sina ugomvi naye. Mimi ni mtunza stoo, kazi niliyoifanya kwa miaka 23, na hii 16 ya mwisho niko kwenye kiwanda cha kufungasha mafuta ya kula hapa Dar es Salaam. Mfumo wa namna hiyo tunao mwaka wa tatu sasa. Raha yake naijua, na najua pia ulivyokaribia kuniharibia jina.

Raha kwanza, nisije nikaonekana mzee anayelilia leja. Zamani mzigo ukiingia nilikuwa naandika hati ya kupokelea kwa karatasi za kaboni, nakala nne: nyeupe ya uhasibu, ya njano ya manunuzi, ya pinki ya dereva, ya bluu nabaki nayo. Ukiikandamiza kalamu kwa uvivu, hiyo ya bluu inatoka kivuli tu. Nyeupe inapanda ghorofani na mesenja. Mesenja akipitia kwa mama ntilie, mhasibu anaipata kesho yake. Akiisahau kwenye begi, mhasibu anaipata siku msambazaji anapokuja juu kudai pesa zake. Watu wa mauzo nao walikuwa na daftari lao. Wananipigia: "Mzee, madumu mangapi yamebaki?" Nawaambia 400, na hapo hapo mwenzao yuko getini anapakia 300 kati ya hayo hayo. Mteja wa Morogoro kashalipia, mzigo haupo, lawama kwa stoo. Kufunga hesabu za mwezi kulitula siku 10, mara nyingine 12, tukitafuta karatasi ya nani imepotelea wapi.

Sasa nikibonyeza "pokea" mara moja, stoo inapanda, deni la msambazaji linaingia uhasibuni, na mauzo wanaona kuna cha kuuza. Mfumo unalinganisha LPO ya manunuzi, yaani hati ya kuagizia mzigo, hati yangu ya kupokelea na ankara ya msambazaji. Zikipishana, malipo hayatoki mpaka mtu aeleze. Yote haya yanawezekana kwa sababu idara zote zinaandika katika kanzidata moja badala ya kila mmoja kuwa na daftari lake kabatini. Hapo ndipo faida ilipo, na hapo hapo ndipo tulipoumia.

Tuliwasha mfumo tarehe 1 Julai, mwanzo wa mwaka wetu wa hesabu. Mafunzo yalikuwa ya siku mbili hotelini, wakaenda wakuu wa idara. Sisi wa stoo tuliletewa kalamu na begi dogo lenye nembo ya wauzaji. Begi ni zuri, mke wangu analibebea vitenge.

Wiki ile tulipokea tani 200 za mafuta, malori saba, yote yamepita mzani. Nikaingiza tani 200 kama ilivyoandikwa kwenye hati. Tenki langu linapimwa kwa dipstiki, ile fimbo yenye alama inayozamishwa ndani, linasoma lita. Mauzo wanauza dumu la lita 20. Kwa hiyo ndani ya mfumo lazima mtu awe ameshaandika kwamba tani moja ni lita ngapi. Aliyeandika, na hadi leo hakuna aliyejitokeza, aliandika 1,000.

Mhariri, lita 1,000 kwa tani ni maji. Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji, lita moja haifiki kilo, ni kama gramu 900. Tani moja inajaza lita 1,100 na ushee. Mtoto yeyote aliyewahi kutia mafuta kwenye sufuria ya maji ameyaona yakielea. Ila hakuna aliyetuuliza, na sisi hatukujua kwamba kuna mahali pa kuuliza.

Wiki ya tatu, Jumatano asubuhi, mfumo ukasema stoo ni sifuri. Madumu 10,000 yameshatoka, hesabu imekwisha. Tenki lina mafuta, nayaona kwa macho yangu kwenye dipstiki, na malori mawili ya Mbeya yako uwanjani turubai zimeshafunguliwa. Lakini bila stoo kwenye mfumo hakuna ankara, na bila ankara hakuna getipasi. Dereva mmoja alikuja mpaka mlangoni kwangu: "Mzee, mafuta si haya hapa nayanusa?" Nikamwambia kompyuta hainusi. Walilala pale uwanjani, posho ya safari ikiliwa na chipsi.

Kesho yake tukahesabu kwa mkono. Yalikuwepo madumu 1,100 na zaidi ambayo mfumo haukuyajua, yaani lita 22,000 na ushee. Alasiri mhasibu akashuka mwenyewe, kitu ambacho hafanyi. "Shikamoo mzee. Naomba unieleze hii ziada." Miaka yote hiyo nimeshukiwa kwa upungufu, maana ndiyo ada ya kazi yetu, kikipungua kitu stoo ndiye mwizi. Siku ile kwa mara ya kwanza nikashukiwa kwa kuzidi. Ziada kwa mhasibu ni mbaya pengine kuliko upungufu, kwa sababu maana yake kuna mtu alikuwa anaficha mzigo autoe siku ikifika. Nikaambiwa niandike maelezo. Nikaandika kurasa mbili.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba ile 1,000 haikuishia stoo. Uhasibu ulikuwa umechukua bei ya tani ukaigawa kwa 1,000 kupata gharama ya lita, wakati ulitakiwa kuigawa kwa 1,100 na ushee. Kwa hiyo kila lita ilionekana imetugharimu zaidi ya ukweli, kama asilimia 11. Mauzo wakaona kwenye skrini zao kwamba faida imekonda, wakapandisha bei ya dumu. Wateja wetu wa Kariakoo hawakuandika barua kwa mhariri, walihamia kwa jirani tu. Manunuzi nao walianza kubishana na msambazaji kuhusu bei, mtu wa watu hana kosa lolote. Enzi za karatasi kosa kama hilo lingebaki kwenye leja yangu, likanitesa mimi peke yangu mpaka mwisho wa mwezi. Safari hii lilifika idara nne kabla chai haijapoa, na kila idara ikaliamini kwa sababu limetoka kwenye kompyuta.

Baada ya hapo tukaanza kuona mengine. Beringi ya mota ya mkanda wa kufungashia, ile 6205 yenye tundu la milimita 25, ilikuwa na majina matatu kwenye mfumo. Stoo tuliiandika "Beringi 6205". Mafundi waliiita "Beringi mota mkanda". Manunuzi waliiandika kwa vipimo, "25x52x15". Siku mota ilipolia, fundi alitafuta jina lake, akaona sifuri. Manunuzi wakatafuta kwa vipimo, sifuri. Ikanunuliwa ya dharura kwa bei ya dharura na bodaboda juu. Rafu ya nyuma yangu zilikuwepo 11, kwenye boksi lina vumbi.

Kijana wangu anasomea mambo ya kompyuta, nikamsimulia nikidhani ni ushamba wetu. Akanionyesha habari za Lidl, maduka makubwa ya Ujerumani. Walianza mradi wao na SAP, kampuni inayotengeneza mifumo ya namna hii, mwaka 2011, SAP yenyewe ikiwa ya Wajerumani wenzao, iliyoanzishwa mwaka 1972 na mainjinia watano waliotoka IBM. Mwaka 2018 wakaufuta baada ya kutumia kiasi kinachotajwa kuwa euro milioni 500. Miongoni mwa sababu zilizoripotiwa ni kwamba Lidl walizoea kuthamini mzigo wa stoo kwa bei ya kununulia, na mfumo ulijengwa kuuthamini kwa bei ya kuuzia. Nilipumua. Kumbe na matajiri wa huko wanagombana kuhusu namna ya kuhesabu kilichoko ghalani.

Ombi langu kwa mabosi wanaosoma gazeti hili ni dogo. Mnapoletewa tangazo la "unganisha idara zako zote ndani ya wiki mbili", ulizeni hizo wiki mbili nani atakaa na nani. Sisi tulikuja kukaa baada ya mkong'oto: mimi, fundi mkuu, dada wa mauzo, mtu wa manunuzi na yule mhasibu, siku tatu kwenye kantini, soda za kampuni. Tulipitia orodha ya vitu zaidi ya 3,000, kimoja baada ya kingine. Hiki kinaitwaje? Kinanunuliwa kwa kipimo gani, kinatunzwa kwa kipimo gani, kinatoka kwa kipimo gani? Siku ya pili dada wa mauzo alishangaa kusikia kwamba mafuta hutanuka kwa jua, na mimi nikashangaa kwamba bei anaipanga kwa kuangalia skrini bila kuuliza mtu. Tulikuwa tumefanya kazi geti moja miaka minane. Siku tatu zile hazikuwemo kwenye mkataba wa wauzaji wa mfumo, na hazikuwemo kwenye bajeti yetu. Ziwekeni. Na kwenye mafunzo ya hotelini mpelekeni anayeshika dipstiki, yule mkuu wake abaki ofisini kupokea simu.

Maelezo yangu ya kurasa mbili yako kwenye faili langu mpaka leo. Nimeomba yaondolewe, naambiwa utaratibu unaangaliwa.

Siku hizi mafuta yakifika napima joto la tenki kwanza, naangalia kwenye jedwali tani moja ni lita ngapi kwa joto hilo, ndipo naingiza. Ukutani juu ya kompyuta nimebandika karatasi niliyoiandika kwa makapeni: MAFUTA SI MAJI. Fundi wa kompyuta aliyetuwekea mfumo amehamia kampuni nyingine. Juzi alinipigia, shikamoo nyingi, akaomba nimtumie picha ya ile karatasi.

Mtunza Stoo,
Temeke, Dar es Salaam.