Shemeji, ile ni filamu ya kesi

Shemeji,

Salamu kwa nyumba nzima. Nimesikia unatangaza kote kwenye ukoo kuwa nilikuuzia mbuzi kwenye gunia kwa ile filamu niliyokusifia: uliahidiwa mapepo, ukaishia kutazama mawakili wakibishana hadi usingizi ukakuchukua. Umenishtaki hadharani, acha nijitetee hadharani.

The Exorcism of Emily Rose (2005) ilitangazwa kama filamu ya kutisha, na jina lenyewe linaahidi kupunga pepo. Ndiyo maana ulikaa ukisubiri kichwa cha mtu kizunguke. Kila mwendesha mashtaka alipofungua mdomo, ukaona anakukatia uhondo. Mimi nilidokezwa mapema kwamba ni kesi ya padri anayeshtakiwa kwa kifo cha Emily, binti aliyempunga pepo, kwa hiyo kila kitisho nilikipokea kama ushahidi. Binti anaamka bwenini saa tisa usiku, ananusa kitu kinaungua. Wewe ulitaka kujua kitakachomrukia. Mimi nilikuwa najiuliza: haya kayasimulia nani, na upande wa pili utayajibuje?

Ukiitazama hivyo, utaona ujanja wa mwongozaji Scott Derrickson. Anayemshtaki padri ni Mmethodisti mshika dini. Anayemtetea, Erin Bruner, ni mwanamke ambaye mambo ya imani hana hakika nayo. Na huyo wakili hahitaji kuthibitisha kwamba pepo lipo. Inamtosha kuwatia shaka wananchi wanaoamua kesi: labda daktari naye amekosea, labda si kifafa. (Hukumu sikutajii. Si ulilala?)

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo nakuunga mkono. Filamu inajidai haipendelei upande wowote, lakini mizani yake imeelemea. Upande wa mashtaka umepewa maneno ya kitaalamu; utetezi umepewa ngurumo, giza na Jennifer Carpenter, anayemwigiza Emily, akijipinda mwili hadi unahisi maumivu mwenyewe. Nani atamsikiliza daktari baada ya hapo? Kwa mpenzi wa filamu za mahakamani hiyo ni rafu.

Hasa ukikumbuka kisa cha kweli kilichoizaa. Anneliese Michel, Mjerumani wa Bavaria, alifariki tarehe 1 Julai 1976 akiwa na miaka 23 na uzito wa takriban kilo 30 tu. Madaktari walikuwa wakimtibu kifafa. Kisha mapadri wawili, kwa idhini ya askofu, wakamfanyia ibada 67 za kupunga pepo. Mwaka 1978, huko Aschaffenburg, kanda zilizorekodiwa katika ibada hizo zilichezwa mahakamani. Wazazi wake na mapadri wale walitiwa hatiani kwa uzembe uliosababisha kifo, wakapewa kifungo cha miezi sita kilichoahirishwa. Yaani chumba cha mahakama unachokilalamikia hakikubandikwa na Hollywood. Kilikuwepo tangu mwanzo.

Wajerumani wenyewe walikitengenezea kisa hicho filamu mwaka 2006, Requiem, ya Hans-Christian Schmid. Pepo halionyeshwi hata mara moja, wala mahakama haimo. Ni msichana anayeanza chuo, mama mkali, na ugonjwa unaozidi. Sandra Hüller anaigiza kiasi kwamba nilisahau kabisa kusubiri kuogopa. Hiyo ninayo. Nitakuja nayo nyumbani kwako tuitazame Jumamosi, ila safari hii nakuambia mapema: ni filamu ya familia moja yenye mgonjwa, basi.

Wako,
Shemeji mshtakiwa