Matembezi ya Jumamosi, København

Habari zenu ndugu na jamaa. Matembezi yetu yapo palepale Jumamosi hii, ila tumebadilisha saa: tukutane saa 3:45 asubuhi nje ya kituo cha Nørreport, tusichelewe maana walinzi wa malkia na mfalme hawamsubiri mtu.

1. Saa 4:00 tunaingia kasri la Rosenborg. Msikose simba watatu wa fedha wanaolinda kiti cha enzi ghorofani, kisha tushuke chini kwenye mataji.
2. Saa 5:30 gwaride linatoka hapo Rosenborg. Tutalifuata kwa miguu hadi kasri la kifalme la Amalienborg, zamu inapobadilishwa saa 6:00 mchana. Watoto watafurahi sana na zile kofia za manyoya.
3. Chakula tutakula kwenye majani ya Kongens Have, ile bustani ya Rosenborg, kila familia ibebe chake na mkeka. Mama Zuhura, tunaomba chupa ya chai.

Mchango ni kroner 200 kwa mtu mzima. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Mtumieni mweka hazina kwa MobilePay kabla ya Alhamisi usiku.

Tafadhali andika hapa "NAKUJA" na idadi ya watoto, leo hii kama unaweza, ninunue tiketi mapema.