Jumamosi tunakwenda Entebbe

Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi hii hatukutani Ntinda hapa Kampala, tunakwenda ufukweni Entebbe. Taksi (basi dogo) tuliyokodi inaondoka Wandegeya saa mbili kamili asubuhi, na tutarudi kabla ya giza.

1. Mchango ni sh 30,000: usafiri, kiingilio na samaki. Mtumieni mweka hazina kwa simu kabla ya Alhamisi jioni.

2. Kila mmoja alete vitu vitatu asivyotumia tena nyumbani. Viwe vizima, tafadhali. Nguo iliyochanika si zawadi. Anayekipenda kitu anakichukua.

3. Leteni kalenda za zamani, mikasi na rula. Tutatengeneza shanga za karatasi: unakata pembetatu ndefu nyembamba, unaiviringisha kwenye kijiti kuanzia upande mpana, unatia gundi, kisha vanishi. Karatasi nzito ya kalenda hutoa shanga imara sana, kwa hiyo msizitupe! Vanishi ninayo.

Wenye watoto, tutakaa mchangani. Kwenye matete ya ziwani huwa kuna konokono wanaoeneza kichocho, nisingependa mtoto yeyote aingie huko.

Naomba kila mtu ajibu hapa "Nakuja" au "Siji", pamoja na idadi ya watoto, ili nimthibitishie dereva Ijumaa asubuhi. Asanteni sana.